Vifungo vya Koti Lako la Kaki

Baba,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini mdomo wangu haujawahi kukusemesha bila kuanza na hiyo, na kalamu nayo imekataa.

Niko hapa barazani kwetu Keko, kwenye lile benchi alilokutengenezea fundi Athumani. Mama yumo ndani amelala. Siku hizi analala sana, hata jua likiwa kali. Hamisi kaenda kunyoa nywele, maana kesho asubuhi anaanza kazi. Baba, mwanao anaanza kazi ya udereva kwa Bwana Mkonge, na gari atakaloendesha ni lile lile. Lile lililokuua.

Nimeandika hayo nikaweka kalamu chini, nikaenda kunywa maji. Sasa nimerudi.

Limetengenezwa. Ubavu umenyooshwa, kioo kimewekwa kipya, rangi imepigwa mpaka huwezi kujua ni wapi palipogonga kalavati. Hamisi alipewa ili alijaribu, akaja nalo mpaka hapa nyumbani akalisimamisha mbele ya mlango, na watoto wa mtaa mzima wakajaa. Mimi nilichungulia dirishani. Lilikuwa linang'aa kama siku ile ulipolileta wewe mara ya kwanza, na mimi niliyelicheka siku ile, safari hii nililichukia.

Unaikumbuka siku ile? Uliendesha malori ya mkonge tangu sijazaliwa, kisha ukaja kuendesha lile gari dogo jeusi la Bwana, na miaka yote hiyo usukani ulikuwa mviringo na gia ilikuwa fimbo ya chuma yenye kirungu kichwani. Halafu Bwana akaagiza hili kutoka ng'ambo. Ulinikalisha kiti cha mbele ukanionyesha, umekunja uso kama mtu aliyeletewa mchuzi usio na chumvi. Fimbo ya gia haipo. Badala yake, kwenye ubao wa mbele, vitufe vitano vimepangwa safu moja, vyeupe, laini, vyote sawasawa kama meno ya bandia. Ukitaka kwenda mbele unabonyeza, ukitaka kurudi nyuma unabonyeza. Na usukani! Umekatwa juu, umekatwa chini, umekuwa bapa kama mkate uliokaliwa.

"Zuhura mwanangu," ukasema, "hawa watu wamechoka na duara. Duara limewakosea nini?"

Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Wewe pia ulicheka, ila si sana.

Mimi nilijua duara lilikuwa nini kwako. Hamisi ulimfundisha usukani kwa ungo wa mama, hapa hapa barazani, kabla hujamruhusu hata kupanda lori. Ulimpa ungo wenye mchele, ukamwambia usukani wa lori hulala hivyo hivyo, haya, kata kona ya kulia, kata ya kushoto, kisha uache uteleze wenyewe kiganjani, na usimwage hata punje. Mama akawa anapiga kelele kutoka jikoni: "Nyie mtanimalizia mchele na udereva wenu!" Na wewe unamwambia Hamisi tu, "Usiulazimishe. Wenyewe unajua njia ya kurudi." Ule wa gari jipya haukujua njia yoyote. Ulipouachia uteleze, pembe yake ilikugonga kidole gumba, ukawa unarudi nyumbani kidole kimevimba, na mama anakukanda kwa maji ya chumvi huku anamsonya aliyeutengeneza.

Lakini usukani uliuzoea. Vitufe ndivyo vilivyokushinda, na si kwa ujinga. Ulilelewa na malori ambayo breki zake hazikuwa za kuaminika. Ukishuka mteremko wa Pugu na mzigo mgongoni, ulirudisha gia chini na kuliacha lori lijizuie lenyewe kwa injini. Mguu kwenye breki ulikuja baadaye. Kitu chochote kikikatisha mbele yako, mkono wa kushoto ulikwenda kwenye gia kabla hujawaza. Hata nyumbani. Kuku akipita mbele ya kiti chako, mkono ulishuka kando ya goti ukashika hewa, na sisi tukakutania kwamba umebadilisha gia ya kiti.

Ndipo ukaja na lile ombi lako. Nilikuwa kwenye cherehani, nashona gauni la bibi harusi wa Temeke, ukasimama nyuma yangu ukakohoa kama mteja.

"Zuhura, nishonee vifungo kwenye kitambaa. Vitano. Kila kimoja tofauti, nikikigusa nikijue."

Tulilimwaga kopo langu lote la vifungo mkekani, tukachagua kama watu wanaochagua vito. Cha kurudi nyuma ulitaka kikubwa, kile cha pembe. Cha fri, gari likiwa halina gia, ukachagua kidogo kilichomeguka ukingo. Cha kwenda mbele, cha shaba chenye nanga. Cha gia ya pili fundi Athumani alikichonga kwa mti, chenye mkwaruzo mdogo katikati. Na cha mlima, kile cha kushukia mteremko, ulikataa vyote mpaka ukafika kwenye kifungo kilichofunikwa kitambaa, laini kabisa. Ukakiweka kwenye shavu. "Hiki," ukasema. "Hiki hata nikiwa na hofu nitakijua."

Nikavishona kwenye kipande cha kitambaa cha marekani, Athumani akakigongomelea kwenye kibao. Jioni zile zote tulikaa hapa, wewe umeshika ungo, kibao kiko kushoto kwako, mimi naita. Fri! Mbele! Nyuma! Mlima! Na vidole vyako vinakwenda, macho yako hayatoki barabarani, barabara yenyewe ikiwa ni ukuta wa jirani. Siku uliyoacha kukosea ulinyanyuka ukacheza chakacha na ungo mkononi. Sikukuona ukiwa na furaha namna ile tena. Kumbukumbu hiyo naichukia na siwezi kuiacha.

Ulikuwa umebakiza jambo moja tu, kuomba ruhusa uvigandishe juu ya vitufe vya gari. Ulivaa kanzu safi ukaenda Oysterbay, nyumbani kwa Bwana. Ukarudi jioni. Mama alipokuuliza ukamwigiza Bwana kwa sauti ya puani: "Dereva, unataka kulivalisha gari langu shati?" Tukacheka kwa ajili yako, maana ulitaka tucheke. Kisha ukatundika kibao ukutani ukasema, "Haya basi. Tutatumia macho."

Tutatumia macho. Baba, maneno hayo nayasikia nikipepeta, nikishona, nikiswali.

Yule mchunga ng'ombe wa siku uliyokufa alikuja matangani. Hakujua mtu hapa, aliulizia njia mpaka akafika. Alikaa karibu na mlango, akatueleza kwamba alikuwa akivusha ng'ombe zake chini ya mteremko wa Pugu, akaliona gari linakuja, akapunga fimbo. "Nilimwona ameinama," akasema, "kama mtu anayetafuta kitu kilichomwanguka." Akalia. Wanaume wakamwambia hana kosa, na kweli hana.

Mimi pale pale nilijua ulikuwa unatafuta nini. Mkono wako ulikwenda kwenye gia haukuikuta, ukapapasa vile vitufe vyote vinafanana, ukainamisha kichwa utumie macho kama ulivyoagizwa. Na macho yakitazama vitufe hayatazami barabara. Ni hilo tu. Mtoto mdogo anaelewa.

Lakini Bwana aliyachukua maneno ya mchunga ng'ombe akayageuza. Ameinama, kwa hiyo alikuwa anasinzia. Waliokuja kukagua wakakubaliana naye. Sasa Keko yote, wewe ni yule dereva mzee aliyesinzia. Wewe! Uliyekuwa ukisimamisha lori njiani kunawa uso hata kwa mwayo mmoja.

Nilikwenda Oysterbay na kile kibao. Nilisimama mlangoni nimekikumbatia, nikaeleza yote. Bwana hakunifokea. Ningependa angefoka. Alinisikiliza kwa upole, akatikisa kichwa, kisha akaniuliza kama mama anakula vizuri. Nikarudi kwa miguu mpaka Keko, kibao kwapani.

Siku ya arobaini yako akaja mwenyewe, amevaa tai nyeusi. Akamwita Hamisi pembeni akamwambia nafasi ya baba yake ipo. Lori alilokuwa akiendesha Hamisi lilikwisha kuuzwa na tajiri wake, unakumbuka, kwa hiyo mwanao alikuwa anashinda kwenye karakana ya Athumani anapiga randa asizozijua. Mama alipiga magoti kushukuru. Wote walishukuru. Nikawa mimi peke yangu mwenye uso mbaya katika khitma ya baba yangu.

Nimemwomba, Baba. Nimemwomba kwa maneno mazuri na kwa maneno mabaya. Ananiambia, "Dada, mzee alikuwa wa zamani. Mie mkono wangu mwepesi, siku mbili tu nshazoea." Mwepesi! Juzi tumekaa hapa tunakula, mbuzi wa jirani akakatisha, na nikauona mkono wa kushoto wa Hamisi ukiacha tonge, ukashuka kando ya goti, ukakamata hewa. Vilevile kama wewe. Yeye hakujua hata kwamba ameufanya. Mama aliona, nikamwona ameona, akainuka akaenda kuleta maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Siku alipokuja na gari, nilingoja aingie kula. Nikatoka na gundi ya Athumani na vifungo nilivyovibandua kwenye kibao, nikafukuza watoto, nikaingia. Nilikaa kwenye kiti ulichofia. Sitakuandikia nilivyojisikia. Niligandisha cha pembe, cha kumeguka, cha nanga, cha mti, nikamaliza na kile cha kitambaa, nikakibonyeza kwa kidole mpaka nikahakikisha kimeshika.

Jana jioni Hamisi alirudi kwa miguu kutoka Oysterbay, akatia mkono mfukoni, akavimimina kiganjani mwangu. Vina gundi iliyokauka mgongoni na alama za kisu.

"Bwana kasema viondoke. Ila hakukasirika, dada. Alicheka."

Hakukasirika. Nikamuuliza Hamisi ni nani aliyevibandua. Akatazama chini. Nikajua ni yeye mwenyewe, kwa mkono wake mwepesi. Nikamwambia asiende. Akaniuliza, "Sasa unataka tule nini?" Cherehani yangu haiwezi kulisha watu watatu, yeye anajua na mimi najua. Baba, nimechoka kuwa mtu pekee anayeogopa katika nyumba hii. Naogopa hata kwa niaba yao. Natamani ungekuwepo umkataze, na kama ungekuwepo, wala pasingekuwa na la kukataza.

Asubuhi hii mama amempa koti lako la kaki, lile ulilolinunua mwenyewe, kwa sababu ameomba avae kitu cha baba yake siku ya kwanza. Nikalichukua nikasema linahitaji kushonwa kwapa. Nimetoa vifungo vyake vyote. Nimekwangua gundi, nimevishona hivi vyetu kwa uzi mara mbili, kuanzia shingoni kushuka: cha nyuma, cha fri, cha mbele, cha pili, na cha mlima chini kabisa, tumboni. Ni koti baya, Baba. Hakuna kifungo kinachofanana na mwenziwe. Hamisi amelijaribu kabla ya kwenda kwa kinyozi, akajitazama, akasema, "Dada, Oysterbay nzima watanicheka."

Nikamwambia wamezoea kucheka, haitawaumiza. Na koti si la Bwana, hawezi kuagiza vitolewe.

Najua havitalisimamisha gari. Usidhani nimepata kichaa. Lakini mkono wake ukishuka kutafuta gia isiyokuwepo, utapita pale tumboni, utagusa kile cha kitambaa. Pengine atakumbuka kuinua macho. Pengine hatakumbuka kitu, na mchunga ng'ombe mwingine ataulizia njia ya kuja kwetu.

Namwona anakuja kule mwisho wa mtaa, kichwa kimenyolewa, kinang'aa. Anatembea kama wewe. Acha nimalize kabla hajafika.

Lala, Baba. Hukusinzia. Nitalisema hilo kila atakaponisikiliza mtu, na hata asiponisikiliza. Na nakuahidi hili: kila asubuhi Hamisi atakapovaa koti, nitasimama mbele yake nimshike kidevu asiiname, naye afunge kwa vidole tu huku mimi naita kama tulivyokuwa tukiita. Nyuma. Fri. Mbele. Pili. Mlima. Jioni atafungua, asubuhi tutaanza tena. Ukimwona anakuja huko kwako mapema, mfungie mlango, Baba. Mwambie arudi, dada yake bado anaita.

Mwanao,
Zuhura