Nyundo Dhidi ya Tingatinga

Baba,

Umeshinda. Ninaanza na hilo kwa sababu nakujua, usingenivumilia nikuulize hali kwanza. Nyundo amempiga Tingatinga kwa pointi, raundi zote kumi, na Tingatinga mwenyewe alikuwepo akishuhudia. Rafiki yako Mzee Njoroge mpaka leo anadai refa alihongwa.

Sasa tulia nikueleze.

Tuliporudi mtaani Baba Dogo baada ya kukuzika kule Bungoma, Jumapili ndiyo iliyotusumbua kuliko siku zote. Siku nyingine nilikuwa sokoni Gikomba na nguo zangu za watoto, napiga kelele kuita wateja, jioni nafika nyumbani nimechoka, nalala. Lakini Jumapili, watu wakitoka kanisani, Mzee Njoroge alikuwa bado anakuja. Analeta kigoda chake kama zamani, anakiweka pale mlangoni, anakaa. Mama anamimina chai, anafikia kikombe chako, anakumbuka, anakirudisha. Mzee Njoroge anakunywa, anashukuru, anaenda zake. Hakuna aliyetaja ngumi. Nilidhani tumezizika pamoja na wewe.

Na vile mlivyokuwa! Mtu mgeni akipita angedhani mnagombania shamba. Kumbe ni mabondia wawili ambao hawakuwahi kuonana. Wako alikuwa Nyundo, bingwa wa uzani mzito wa ujana wako, yule mpakia makaa wa reli uliyemwona kwa macho yako ulipokuja Nairobi kutafuta kazi, aliyefariki kabla sijazaliwa. Wa Mzee Njoroge alikuwa Tingatinga, bingwa wa sasa, kijana wa mtaa wetu anayefanya mazoezi hapo kwenye ukumbi wa ngumi. Nikiwa mdogo mlinikalisha juu ya karai lililopinduliwa, gunzi la mahindi mkononi kama kipaza sauti, nitangaze Nyundo dhidi ya mabingwa wa enzi hizo; Tingatinga alipochipuka, mkawaingiza hao wawili ulingo mmoja. Hata nilipokuwa mtu mzima mliendelea kuniita. "Nafula, kengele imelia," ungesema, na mimi naacha kufua naanza.

Lakini hatukuwahi kufika mbali. Raundi ya saba Mzee Njoroge anamfanya Tingatinga arushe ile ngumi yake ya kulia, wewe unasimama kupinga, chai inamwagika, Mama anatoka na kutuamuru tuzungumze mambo ya watu wa Mungu. Miaka yote hiyo, Baba, hakuna aliyeiona raundi ya nane.

Basi mtangazaji wa ukumbi alihamia Mombasa, na pambano la ubingwa lilikuwa linakaribia. Aliyeniletea habari kwamba wanatafuta mwingine ni Mama. Ndiyo, Mama yule yule. Alikuwa anachambua sukuma wiki, hata hakuinua kichwa. Akaniambia niende. Nikacheka, nikamwambia yeye hapendi ngumi.

"Nimekusikiliza miaka yote nikiwa jikoni," akasema. "Ulidhani nilikuwa nasikiliza sufuria?"

Siku iliyofuata nilifunga kibanda mapema nikaenda ukumbini. Wanakamati walikuwa watatu nyuma ya meza, katikati yao Kocha Wafula. Mmoja aliposikia nilichokuja kutafuta alimgeukia mwenzake, akauliza huyu manzi atatangaza nini, halafu akanishauri nirudi Gikomba nikaite wateja. Nilimjibu kwamba huko ndiko sauti yangu inakonolewa, ajaribu yeye kushindana na soko lile kuanzia asubuhi. Kocha Wafula akatabasamu. Akasema sawa, nitangaze kitu wasikie.

Nitangaze nini? Hapakuwa na pambano. Vijana walikuwa wanapiga begi, na pembeni Tingatinga anaruka kamba. Chini ya ulingo alijitokeza Mzee Njoroge, vumbi la mbao kichwani. Walikuwa wamemwita arekebishe sakafu ya ulingo. Tukatazamana. Ndipo nikasema nitatangaza Nyundo dhidi ya Tingatinga.

Kamba ikaacha kuruka.

Nilianza taratibu ulivyonifundisha, nikawaonyesha kwanza mabondia wenyewe. Nikamleta Nyundo na ile kaptura yake iliyopauka, mabega kama mlango wa ghala, hatabasamu na mtu. Nikamleta Tingatinga, nikampa heshima yake yote, maana alikuwa ananitazama. Raundi ya kwanza walipimana. Ya pili Nyundo akaanza kutuma ule mkono wa kushoto, mrefu, ulionyooka, unaopiga na kurudi nyumbani. Kufika ya tatu vijana wameacha mabegi. Ya tano, yule mwanakamati aliyenituma Gikomba amesogeza kiti. Mzee Njoroge alikuwa amesimama, nyundo ya misumari mkononi.

Halafu ikaja raundi ya saba. Tingatinga akarusha ile ya kulia.

Nikanyamaza. Nilikuwa nasubiri usimame, Baba. Mwili wangu wote ulisubiri wewe usimame na kunikatiza. Kiti hakikulia. Hakuna aliyesimama. Nikaelewa kwamba hakuna atakayenikatiza tena, na kwamba nikitaka kujua mwisho wake lazima niende peke yangu. Watu wanasema tulikuzika Bungoma. Mimi nilikuzika hapo, mbele ya watu waliokuwa wanasubiri neno linalofuata.

Nikapiga kengele ya raundi ya nane.

Nitakuambia ukweli, nilikuwa nimepanga Nyundo amlaze mtu chali, tumalize. Lakini Tingatinga alikuwa amepanda ulingoni bila kuambiwa na mtu. Alikuwa anacheza na maneno yangu. Nikisema Nyundo ametuma kushoto, anainama. Nikisema amerudi kwenye kamba, anafuata. Jitu zima lile linapigana na hewa, jasho linatiririka! Basi nikaacha kubuni, nikamtazama. Na nikaona. Kila alipozungusha konde la kushoto, mkono wake wa kulia ulishuka mpaka tumboni, na kidevu kikabaki wazi kama dirisha.

Nikalisema. Nikasema Nyundo amekiona. Raundi ya tisa, Tingatinga akazungusha, mkono ukashuka, na ule wa kushoto wa reli ukapita. Nikamwangusha, Baba. Nilimwangusha bingwa wa nchi nikiwa namtazama usoni. Nikamhesabia polepole, na kwenye nane nikamwinua, kwa sababu mtu kama yule angeinuka. Raundi ya kumi wote wawili walimaliza wakiwa wamesimama. Nikasoma pointi. Nikainua mkono wa Nyundo.

Tingatinga akaja mpaka kwenye kamba, akaegemea, anahema.

"Dada," akasema, "hiyo mkono yangu ya kulia, kwani hushuka?"

"Hushuka, kaka."

Akamgeukia kocha wake. Kocha Wafula akamuuliza amemwambia mara ngapi. Ndipo Tingatinga akacheka, kicheko kikubwa, na ukumbi mzima ukacheka naye, akasema anadai marudiano. Mzee Njoroge akanijia akitikisa kichwa. Alitaka kusema refa amehongwa, alifika nusu ya sentensi, akanishika mabega na kulia. Hakuwa amelia hata siku ya mazishi. Nikamwacha alie. Na mimi nikapata ile kazi.

Siku ya ubingwa ilikuwa Jumapili mchana, na watu walijaa mpaka wengine wakakaa madirishani. Nilivaa lile gauni la bluu ulilolipenda. Mama alikuja moja kwa moja kutoka kanisani, kitambaa cheupe kichwani, akakaa karibu na Mzee Njoroge na mkoba wake mapajani kama anayesubiri mahubiri. Nilipotamka neno la kwanza kwenye kipaza sauti, sauti yangu ikarudi kutoka ukuta wa nyuma. Nilishtuka. Nilikuwa sijawahi kuisikia ikiwa kubwa hivyo.

Mpinzani alitoka Nakuru, mzito, mjanja, na mkono wake wa kushoto haukuwa wa mchezo. Raundi ya sita Tingatinga alizungusha konde lake, na yule wa Nakuru akatuma kushoto, pale pale penye dirisha. Nilifumba macho nusu. Mtangazaji hafumbi macho, najua. Nilipoyafumbua, mkono wa kulia wa Tingatinga ulikuwa juu, umefunika kidevu, konde limegonga glavu. Nikapaza sauti mpaka kipaza kikapiga mluzi. Sekunde chache baadaye yule wa Nakuru alikuwa chini na hakuamka.

Walipomvika mkanda, Tingatinga aliniomba kipaza sauti.

"Mwaka huu nimepigwa mara moja tu," akawaambia watu, "na mwenye alinipiga alishakufa kitambo."

Wengi walicheka bila kuelewa. Sisi watatu na vijana wa ukumbini tulielewa. Mama alikuwa amesimama juu ya benchi, Baba. Mama! Anapiga makofi na mkoba umemning'inia kwenye kiwiko.

Sasa mambo yamebadilika nyumbani. Mzee Njoroge akija Jumapili, kelele zinasikika mpaka barabarani, maana Mama ameshika upande wako. Anasema mimi nilimhurumia Tingatinga, kwamba Nyundo angemaliza kazi raundi ya nne. Mzee Njoroge ananiomba nimtetee. Chai bado inamwagika. Na yule mwanakamati aliyenituma Gikomba alikuja kibandani kwangu, akamnunulia mtoto wake sweta, akakohoa kidogo, akaniuliza kama mwezi ujao nitakuwa na nafasi, wananihitaji Kisumu.

Nimekubali. Na kwa kuwa nitakuwa huko upande wetu, sitarudi Nairobi kabla sijafika Bungoma. Nitakaa chini hapo kando yako, nitafungua koo, na nitakutangazia pambano lote tangu kengele ya kwanza mpaka kusomwa kwa pointi, kwa sauti ya ukumbini, sijali majirani watasema nini. Hiyo ni ahadi.

Pumzika, bingwa wangu.

Nafula wako