Nilivyomwita Fundi Hamisi Mwizi kwa Ajili ya Plagi Nne

Jumamosi, jioni. Mawingu yamejaa tangu asubuhi lakini mvua haijashuka, na joto la Bunju leo linabanika mtu. Nimekaa barazani, mikono inanuka petroli. Moyo hauko sawa.

Niandike kabla sijaanza kujitetea.

Wiki tatu sasa gari langu linatetemeka. Likiwa mwendoni linakwenda, ila nikisimama kwenye foleni pale Wazo usukani unacheza mkononi kama mtu mwenye homa. Asubuhi napiga stata mara tatu ndipo liwake. Ningevumilia, lakini ninaishi na mdogo wangu Faraja. Mimba yake imeingia mwezi wa tisa, mume wake yuko kazini Songea, na gari la kumkimbiza hospitali ni hilohilo. Kila nikimwona anashika kiuno natafuta funguo zilipo.

Jumatatu nikalipeleka kwa fundi Hamisi, ambaye banda lake haliko mbali na kwangu na amenitengenezea gari miaka minne. Akasikiliza injini, akatikisa kichwa.

"Dada Adela, plagi zimechoka. Usingoje. Tubadilishe zote nne."

Zimechoka? Si zilibadilishwa mwaka jana tu, kabla sijaenda Krismasi nyumbani Mbeya? Kazini wote wananiambia plagi zinakaaga miaka. Nikamjibu nitafikiria.

Sikufikiria. Nilishuku.

Mie ndivyo nilivyo. Muuza nyama akipima, macho yangu yako kwenye kidole chake. Jumanne nikafungua boneti mwenyewe, nikadondoshea rangi ya kucha kwenye boliti zilizo juu ya plagi. Jumatano nikamwachia Hamisi gari, nikamwomba afungue azitazame vizuri, nikaenda kazini. Nilitaka kujua kama atafungua kweli au atakaa tu na kunipigia hadithi.

Jioni rangi ilikuwa imepasuka. Alifungua, na jibu lake lilikuwa lilelile: zimechoka.

Mtu mwenye akili angetulia hapo. Mie nikajiuliza: sasa kama amefungua, hajazitoa zangu nzima akaniwekea za mtu mwingine?

Ndiyo maana leo asubuhi nikaendesha hadi Manzese, kwa fundi asiyemjua Hamisi wala asiyenijua mie. Akatoa plagi moja, akaipitishia kidole, akacheka.

"Sista, hii kuukuu. Ncha imelika yote. Mwaka mmoja hauwezi kuila hivi."

Sikumwacha amalize. Nikamwambia airudishe, nikageuza gari. Njia nzima lilikuwa linakohoa, nami nafanya mazoezi ya maneno.

Bandani kwa Hamisi palikuwa na wateja watatu, na mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma amekaa kwenye benchi. Nikamwamkia mzee, "Shikamoo," akaitikia, halafu nikamgeukia Hamisi nikamwita mwizi. Kwa sauti. Nikamwambia amenibadilishia plagi, anataka mdogo wangu azalie barabarani.

Hamisi hakupandisha sauti. Alifuta mikono, akafungua plagi moja, akainyanyua kwenye mwanga.

"Dada, hizi ndizo zile za mwaka jana. Ulizileta mwenyewe, zikiwa kwenye boksi. Nikakwambia mie sizielewi, zinaonekana zimepigwa msasa. Ukasema nina duka langu nataka kukupeleka."

Nikakumbuka. Nikakumbuka hata nilivyolisema neno hilo, na nilivyojiona mjanja. Nilizinunua kwa mtu aliyetandaza spea chini kando ya barabara, ili tu Hamisi asipate cha juu. Nikauziwa kuukuu zilizosafishwa na kutiwa kwenye boksi jipya.

Nikasema, "Nisamehe." Neno hilo sikuweza kulisema kwa sauti ile niliyomwitia mwizi.

Nikamwambia basi anunue yeye, mie namwamini. Akakataa. "Twende wote."

Tukatembea hadi duka la spea, yeye mbele, mie nyuma. Pale akanionyesha: meno ya kufungia yasiwe na mikwaruzo, kauri iwe nyeupe, ncha isiwe na dalili ya moto. Tuliporudi injini ilikuwa imepoa, na wateja walikuwa bado wananitazama. Akanipa spana, akasema nifungue mwenyewe.

Nikafungua. Nikaweka mpya. "Anza kwa vidole, usilazimishe," akasema, ndiyo mara pekee aliyosogea karibu. Gari likawaka kwa stata moja, likatulia hata nikadhani limezima.

Nikamuuliza, mara nyingine nitajuaje wakati umefika?

"Usingoje litetemeke. Kila ukimwaga oili, toa moja uitazame. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, irudishe. Ikiwa na masizi, au ncha imelika, badilisha." Akapokea spana. "Sasa gari lako unalijua. Tafuta fundi mwingine, dada."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Yule mzee ni baba mkwe wangu," akasema kwa sauti ya chini. "Amekuja juzi kutoka Lindi. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kuona ninapofanyia kazi."

Nikaangalia benchi. Mzee alikuwa anatazama barabara, kwa makusudi, ili asinitazame.

Nimerudi nyumbani na gari zima. Faraja amefurahi, ameshaweka na kikapu chake cha hospitali kwenye kiti cha nyuma. Sikumweleza. Ningemweleza nini? Kwamba fundi wa kweli tuliyekuwa naye nimemfukuza kwa mdomo wangu?

Na nikiri na hili, maana hapa sidanganyi. Hata sasa ninapoandika, kuna kasauti kananiuliza: ni baba mkwe wake kweli, au amesema tu ili niumie?

Nimekasikia. Naogopa jinsi kanavyofanana na mie.

Kesho kabla ya kanisa nitakwenda nyumbani kwa Hamisi. Nitamwomba radhi mbele ya mzee, kwa kuwa ni mbele ya mzee nilipomtukana. Akikubali, akikataa, ni haki yake. Nitakwenda kwa miguu, asije akadhani nimefuata gari.