Jina nililolifuta kwenye wimbo wa Anselme

Likasi, Alhamisi alasiri

Mvua inanyesha tangu asubuhi, ile ya polepole inayogonga bati bila hasira. Umeme hakuna. Kompyuta ndogo aliyonipa mjukuu wangu imebakiwa na nusu ya chaji, kwa hiyo leo nitaandika bila kuzunguka.

Moyo wangu umechoka. Simaanishi huzuni. Namaanisha moyo wenyewe, nyama. Wiki iliyopita daktari aliniambia nile chochote ninachopenda, na mimi niliyefundisha maisha yangu yote najua maana yake mwalimu anapoacha kusahihisha daftari la mtu.

Basi niseme.

Ninyi mnaosoma ukurasa huu wa mtandaoni, wengi wenu niliwafundisha Kifaransa, na mnaujua ugomvi wangu wa siku zote: kwamba maneno ya roki yana maana kuliko maneno ya rapu. Nimeuandika hapa mpaka mmechoka. Nimesema mwimbaji wa roki huacha mlango wazi. Anasema "wewe", na kila msikilizaji anaingia na wewe wake. Mwimbaji wa rapu anaufunga mlango kwa majina ya watu, ya barabara, ya maadui zake, na wimbo wake unakufa siku watu hao wanapohama. Baadhi yenu mlinipongeza. Mmoja aliandika kwamba hoja ile ni safi kama maji ya chujio.

Haikuwa safi. Ilitoka kwenye wivu, na wivu huo ni mzee kuliko wengi wenu.

Jumapili alikuja Ornella, binti wa mwanangu. Ana miaka ishirini na miwili na anafanya rapu. Ndiye anayeyaweka maandishi yangu humu kila Ijumaa, maana mimi na vitufe hivi hatuelewani. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaniwekea simu sikioni, nikasikia gitaa la Anselme.

Anselme ni mume wangu. Amekufa miaka kumi na mmoja sasa. Gitaa lake lilikuwa limebaki kwenye kaseti moja tu, na Ornella amelitoa humo, amelikatakata, amelitia ngoma nzito chini yake. Ni ule wimbo wake mmoja ambao watu wa umri wangu hapa Likasi bado wanaukumbuka. Ujana wake wote alifanya kazi kwenye machimbo ya chokaa ya Kakontwe, na Jumamosi yeye na wenzake watatu walipiga roki katika ukumbi wa parokia, nywele wamezifuga, suruali pana chini kama kengele. Kiitikio chake ni hiki:

Chokaa iko mu nywele yangu, weye wangu,
mvula itaisafisha, weye wangu,
lakini mvula haina na mikono.

"Minye napenda hii wimbo, Kaku," alisema Ornella. Kaku ndivyo wajukuu wanavyotuita sisi wazee. "Lakini iko na shida. Weye wangu, weye wangu. Weye ni nani? Mbuzi ya jirani inaweza kuwa weye wangu."

Nikamwambia hiyo ndiyo maana yenyewe ya roki.

"Apana. Hiyo ni woga. Mu rapu tunasemaka: ni fulani, wa avenue fulani, alifanya hivi na hivi. Muntu akisikia anajua ni yeye, hata kama iko mu choo."

Nilicheka, kifua kikaniuma. Kisha akaniambia alichokuja kuniambia. Jumamosi hii anarekodi. Na kwenye kiitikio atanitupia libanga. Kwetu libanga ni jiwe, lakini jiwe la kwenye wimbo ni jina lako likitajwa na mwimbaji mbele ya watu, na likikupiga hulii, unasimama na kucheza.

"Pale pa weye wangu nitatia jina yako. Le-o-nti-na. Inaingia juste, Kaku. Ni kama kaku mwanaume aliipimia weye."

Inaingia, kweli. Silabi nne kwa silabi nne. Najua kwa nini inaingia.

Aliyepima ni mimi.

Wakati ule nilikuwa mwalimu kijana katika shule ya wasichana, na Anselme hakuwa wangu. Alikuwa ananijia na karatasi zake kama mwanafunzi, kofia mkononi, kwa sababu maandishi yake yalikuwa na makosa na aliona haya wenzake wayaone. Alikuja na chokaa kwenye nyusi. Alikaa kwenye dawati la nyuma, mtu mzima yule, magoti yamegonga ubao. Mimi nilisahihisha kwa wino mwekundu na nilimpenda, na sikumwambia lolote.

Siku moja alileta wimbo huo. Karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne. Pale mnapojua "weye wangu", kulikuwa na jina.

Veronika.

Nilimjua Veronika. Nani hakumjua? Alikaa kambi ya wafanyakazi, alikuwa mdogo wangu kwa miaka mitatu, hakumaliza shule, na jioni watu walisema Anselme anakwenda kwao kuoshwa nywele zile zenye chokaa. Mikono ya kwenye wimbo ilikuwa mikono yake. Nilisoma ile mistari mitatu na nilihisi kitu kama pilipili kwenye jicho. Mimi niliyesoma, niliyejua washairi kwa moyo, hakuna mtu aliyewahi kuniandikia hata kosa la tahajia.

Nikachukua kalamu nyekundu. Nikamwambia, kwa sauti ya darasani: wimbo wenye jina ni barua tu. Unamhusu mtu mmoja, wengine wanabaki nje. Ondoa jina, useme "weye wangu", na kila mtu ukumbini atalia na wake. Ndivyo wanavyofanya wakubwa.

Aliitazama karatasi yake. Kisha alisema, "Lakini nilimuahidi, mwalimu. Nilimuambia nitaita jina yake mbele ya bantu."

Nilisikia. Nataka ieleweke kwamba nilisikia. Sikuweza baadaye kujidanganya kwamba sikujua.

Nikamjibu, "Kama anakupenda, atajua ni yeye." Nikalikata jina mara mbili, kwenye mistari miwili ya kwanza, na juu yake nikaandika yale maneno mawili kwa mwandiko wangu mzuri.

Alinishukuru.

Jumamosi ile aliimba hivyo. Ukumbi ulisimama. Mimi nilikuwa mbele, kwenye viti vya walimu, na aliponyanyua macho kutoka kwenye karatasi alinitazama mimi, kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu kuona kama amepata. Watu waliona macho yale. Veronika pia aliyaona. Kufika kiangazi alikuwa ameolewa na mtu wa reli na kupelekwa Kolwezi. Mwaka uliofuata Anselme alikuja tena darasani kwangu, bila karatasi.

Alikuwa mume mwema. Hilo nalo ni sehemu ya adhabu. Kwenye harusi na ubatizo walimwomba ule wimbo, naye aliuimba akinielekea, na wanawake walinionea wivu. Mimi. Lakini asubuhi, akijinawisha uani na akidhani sisikii, alikuwa anauvumisha puani, na alipofika pale pa "weye wangu" alinyamaza. Aligonga ndoo kwa vidole mara nne, kisha akaendelea. Kila mara. Miaka na miaka nimeishi na mwanamume huyo, nimemzalia, nimemuuguza, nimemzika, na nimeionea wivu ndoo.

Sikuwahi kumuuliza. Kwenye maandishi ningesema ni kwa heshima. Ni kwa kuogopa jibu.

Bibi yangu mzaa baba aliimba kasala kwenye matanga, ule wimbo wa kusifu wafu wa watu wa baba yangu. Aliwataja mmoja mmoja: fulani mwana wa fulani, aliyevuka mto fulani, aliyemtelekeza fulani. Hakuficha mabaya. Utotoni nilimwuliza kwa nini hasemi tu "marehemu", akaniambia maiti asiyeitwa jina hawezi kugeuka akusikilize. Nililijua hilo kabla ya kujua kusoma. Kisha nikaenda shule, nikaja kuwafundisha ninyi kinyume chake, tena kwa alama.

Sasa leo.

Veronika alirudi Likasi akiwa mjane, mwaka ule Anselme alipokufa. Anakaa barabara ya pili kutoka hapa. Tuliimba sauti moja kwenye kwaya mpaka miguu yangu ilipokataa. Tangu niwe wa kitandani, kila Alhamisi anakuja na birika na sabuni, anaweka beseni kwenye kiti, ananiosha nywele. Sikumwomba. Mara ya kwanza alipofanya hivyo nilifumba macho nisimwone. Nilitaka mikono ile iwe migumu, ya kukwaruza. Siyo. Hata leo nimetafuta kosa kwenye mikono hiyo na sijapata.

"Yaya, kichwa yako imekuwa nyepesi kama ya mutoto," aliniambia. Ananiita yaya, dada mkubwa. "Ukikufa utaniachia nani wa kukemea? Bale bengine bananijibu."

Nikamwambia hata mimi nilikuwa namjibu, ni pumzi tu zimepungua.

Akacheka. Kisha akaanza kuvumisha. Kumbe Ornella alimwimbia getini.

"Ile wimbo yako itakuwa ku radio, yaya. Na jina yako ndani. Ni muzuri." Akamimina maji. "Minye siku ile nilishonaka robe ya manjano. Ile siku ya ukumbi. Nilikuwa mujinga, yaya, nilifikiri ataita jina yangu. Niliambia hata mama. Mama alikuja na majirani babili, balikaa ku mustari wa pili, banangoja." Mikono yake haikusimama. "Nilingoja mupaka mwisho wa wimbo. Nikasema, labda mu wimbo ingine."

Alisema hayo akicheka, kama mtu anayesimulia jinsi alivyoteleza sokoni. Povu lilikuwa linanishuka shingoni. Hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Nilichohitaji ni kufungua mdomo, na mdomo niliufungua.

Nikasema, "Maji iko baridi."

Akaongeza ya moto.

Kwa hiyo naandika. Sina ushujaa wa mdomo. Nilikuwa na wa kalamu tu, na mnaona niliutumia wapi. Na nitasema jambo moja ambalo si la mtu anayekaribia kufa vizuri: nalitaka lile libanga. Tangu Jumapili nimekuwa nikijiimbia kimya kimya, Leontina, Leontina, na inanoga. Ningeweza kunyamaza siku mbili tu. Jumamosi jina langu lingeingia kwenye lile pengo, na baada ya hapo hakuna mtu duniani ambaye angejua kuna jina jingine lililowahi kukaa hapo. Ningemnyang'anya mara ya pili, na angekuja Alhamisi kunipongeza na birika lake.

Ornella, wewe ndiye unayesoma haya kabla ya wote, kesho, ukikaa kuyaweka. Soma polepole. Chukua ile kamusi kubwa ya Kifaransa juu ya kabati. Karatasi imo ndani, imekunjwa mara nne. Utaona mwandiko wa kaku wako mwanaume, utaona wino wangu mwekundu, na chini ya wino jina linasomeka vizuri sana. Sikuwahi kuichana. Sijui kwa nini. Nadhani mwalimu hachani kazi ya mwanafunzi aliyepata.

Kisha, kabla hujayaweka haya kwa watu wote, nenda barabara ya pili, umwonyeshe. Usinitetee. Akikataa kuja tena na birika, ni haki yake. Akisema jina lake lisitajwe, usilitaje, na haya uyafute. Asiposema hivyo, Jumamosi liimbe kama lilivyoandikwa, mara mbili, kwenye mistari yote miwili.

Bado ninaamini kwamba ukumbi ule ulilia kwa sababu ya "weye wangu". Kila mtu aliingia na wake. Hilo silikanushi. Lakini kulikuwa na mwanamke wa gauni la manjano kwenye mstari wa pili ambaye wimbo ulikuwa wake, na ndiye pekee aliyebaki nje. Roki yangu haikuwa na mahali pa kuliweka jambo hilo. Rapu yako inapo.

Na kwa kuwa inapo, libanga langu nitupie, lakini si kwenye kiitikio. Kwenye mistari yako mwenyewe, kwa namna yenu: fulani, wa barabara fulani, alifanya hivi. Sema mwalimu Leontina alilifuta. Usitafute neno laini.

Kesho Ijumaa, na Jumamosi sijui kama nitaiona. Mvua imepungua. Nywele zimekauka, zinanukia sabuni ya Veronika, na nimekaa hapa nikizishika, na hata sasa nina wivu.