Fomu Inauliza Ataishi Wapi

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana nimefika mahali ambapo kila nikigeuka naumiza mtu wangu.

Mimi ni mshonaji wa sare za shule, mtoto wa kwanza wa mama yangu, na mdogo wangu wa mwisho, ambaye nyumbani tunamwita Profesa kwa sababu alivaa miwani tangu chekechea, yuko mahabusu kwa kumpiga mkewe mpaka akamvunja mkono, na waliowaita polisi ni majirani, si mimi. Mama amekuja dukani siku tatu mfululizo, anakaa kwenye kiti cha wateja, hanywi hata maji, anasema, "Wewe ndiye uliyembeba mgongoni, leo unamwacha alale sakafuni na wezi?" Mjomba naye ananipigia simu kwamba ukoo mzima unanitazama, eti mimi nina nyumba na kazi inayojulikana, mahakama itanikubali kuwa mdhamini bila maswali mengi.

Basi Alhamisi nikaenda. Karani, mama mmoja mpole, akanipa fomu, nikajaza jina, kazi, undugu wetu, nikafika kwenye mstari unaouliza mshtakiwa ataishi wapi akiwa nje kwa dhamana, kalamu ikagoma. Karani akasema, "Andika kwako tu, dada, kwake hawezi kurudi, hakimu hataki amkaribie mkewe." Nikamwambia nimesahau kitambulisho, nikatoka mbio, na kitambulisho nilikuwa nacho kwenye pochi.

Mshauri, siri yangu ni hii: wifi yangu yuko kwangu. Duka langu ni chumba cha mbele cha nyumba, na yeye tangu atoke hospitali analala chumba cha nyuma ninachohifadhia vitambaa. Nimewaambia wote kwamba amekwenda kwao, na mama anakaa pale kwenye kiti anamsema, "Mwanamke gani huyo anayempeleka mumewe jela," huku mwenyewe yuko nyuma ya ukuta anasikia kila neno.

Juzi mama aliniletea shati jeupe la Profesa nilinyooshe, la kuvaa mbele ya hakimu. Nikaliweka meza ya ndani, nikatoka dukani kuhudumia mteja, niliporudi nikamkuta wifi analipiga pasi kwa mkono wake mzima, taratibu, kola kwanza, nikajiambia ameshamsamehe, basi labda wanaweza kuishi kwangu wote wawili nami nikiwa katikati. Halafu nakumbuka mwaka juzi alinionyesha jicho lililovimba, nami nikamwambia, "Vumilia, wifi yangu, huyo amedekezwa, atakua." Hilo linaninyima raha. Kesi inatajwa Jumatatu ijayo. Nitie sahihi au nisitie?

Dada mshonaji,

Futa machozi, kisha kaa vizuri, kwa sababu nitakukaripia.

Ndugu yako ana haki ya kuomba dhamana. Hajahukumiwa bado, na mimi si mtu wa kufurahia watu kuozea mahabusu kabla hawajasikilizwa. Nimegombana na wasomaji wa safu hii kwa jambo hilo na nitagombana nao tena. Lakini haki yake haikulazimishi wewe kuwa mdhamini. Mdhamini hujitolea. Anayeburutwa ni mateka.

Huyo mjomba mwenye sauti kubwa ya simu, hana nyumba? Hana hata sebule? Akipiga tena mwambie, "Mjomba, ukoo unakutazama na wewe." Nimeona koo nyingi za namna hii: siku ya kulaumu zinajaza ua, siku ya kujaza fomu humpati hata binamu.

Sasa shati. Uliona pasi ukasoma msamaha. Mwanamke aliyenyoosha mashati ya mtu kwa miaka anaweza kulinyoosha jingine kwa mazoea tu, au kwa hofu, au kweli kwa mapenzi. Mimi sijui. Wewe pia hujui, na hapo ndipo uliponikasirisha. Katika barua yako mama anasema, mjomba anasema, karani anasema, nami unaniomba niseme. Wifi yako yuko hatua chache kutoka kwenye cherehani yako, na barua nzima hajafungua mdomo. Umeniuliza mimi, mtu nisiyekujua, hujamuuliza yeye! Mwaka juzi ulimwamulia avumilie. Sasa unataka kumwamulia tena, safari hii kwa kalamu, mbele ya karani.

Kwa hiyo leo funga duka mapema. Ingia chumba cha vitambaa, ukae chini, umwombe radhi kwa lile neno la "vumilia", kisha umuulize anataka nini, na unyamaze mpaka amalize. Akitaka kuhamia kwao, msindikize. Akitaka kubaki, abaki. Hata akikuambia amemsamehe mumewe, bado usiwaweke chini ya paa moja kesi ikiendelea: hakimu hataki akaribiane naye, na anwani ya uongo au ya hatari kwenye fomu ni wewe utakayeitolea maelezo. Akikubali, nendeni pamoja kwa mpelelezi wa kesi mmweleze faragha anakoishi, ili mahakama imkataze mshtakiwa kufika hapo, hata akidhaminiwa na mwingine.

Mama usimdanganye tena. Kama ataambiwa wifi yuko wapi, hilo ni la wifi kuamua, lakini la kwako liseme wazi: "Mama, sitamdhamini." Atalia, atanuna, huenda asikanyage dukani kwa mwezi mzima. Mvumilie yeye, kwa kuwa neno hilo ulilitoa kwa urahisi kwa mwingine. Na Profesa mtembelee. Mpelekee chakula na sabuni, umweleze mwenyewe, uso kwa uso, kwa nini hutatia sahihi. Ulimlea, ana haki ya kulisikia kutoka kwako.

Mwisho, kuna jambo hukuliandika, ila nami nina mdogo wa mwisho na nawajua: ana ufunguo wa kwako. Kabla ya Jumatatu mwite fundi abadilishe kitasa, na ufunguo wa kwanza kutoka mkononi mwake mpe wifi yako.