Yule Aliyesema Chaki

Garden Grove, California
Jumamosi asubuhi

Kaka Khiem,

Nakuamkia kwa heshima na kwa mapenzi, na natumai huko San Jose unapata usingizi, na kwamba Shangazi hakulishi samaki wa chumvi kila mlo kama alivyotufanyia likizo ile. Goti lako linaendeleaje? Mama kasikia huko baridi imeanza, kwa hiyo amekufungia soksi na chupa ya mafuta ya kuchua. Utavikuta ndani ya mfuko huu huu. Naupeleka sasa hivi kwa dereva wa basi la mtaa wetu wa Bolsa, yule mwenye jino la dhahabu, maana posta itachelewa na wewe simu hupokei. Sisi huku tunapumua. Baba anakula nusu bakuli. Mama kila siku anauliza ni kazi gani ya kupaka rangi nyumba inayomfanya mtu aondoke bila kumeza hata kijiko cha uji. Mimi sijambo kiasi, na ndiyo maana naandika.

Najua utashangaa kuona kurasa nyingi namna hii. Ni wewe uliyesema kwamba maneno yangu ya mwaka mzima yanaenea nyuma ya stempu. Ni kweli, nikiulizwa jina darasani natazama viatu. Ila karatasi hainitazami, na kwayo sina haya. Tena nimeandika kwa lugha yetu, si kwa Kiingereza tunachoongea mimi na wewe tukiwa wawili, na sababu yake utaiona mwishoni. Nikikosea alama za sauti usinicheke. Unakumbuka shule ya Jumapili, mwalimu alipokusimamisha usome juu ya wasaliti wa nchi? Kwetu sauti ikipanda pasipo pake, neno linakuwa jingine. Ukasoma kwa ukali, kifua mbele, "chaki wa nchi!" Darasa zima likalala chini kwa kicheko. Tulikuita Kaka Chaki mpaka ukaanza kunyoa ndevu, na neno lenyewe hukulipata kamwe.

Kaka, wewe ndiye uliyenifanya niwe mhafidhina. Wenzangu shuleni wanadhani nimerithi kwa Baba kama pua, lakini ni wewe, ndani ya gari lako bovu, redio ikiunguruma, ukiniambia serikali inayokulisha leo kesho itakuchagulia na jina la mtoto. Niliamini, na bado naamini. Naamini kwamba mtu afanye kazi, ale jasho lake, amwabudu Mungu wake bila kuomba kibali, na afisa wa kodi akae mbali na mlango. Nilipenda redio kuliko gazeti kwa sababu gazeti huandikwa na watu wanaotuona wajinga, ila kwenye redio mzee asiyejua Kiingereza anapiga simu akiwa na kandambili jikoni kwake, na kaunti nzima inamsikiliza. Mimi nisiyeweza kusema nilipenda kuona watu wakisema.

Ndiyo maana Baba Mkubwa Tuong alipotafuta wa kukaa kwenye kitufe cha kipindi chake cha redio, nilikubali kabla hajamaliza. Unaijua kazi yangu. Kila linalosemwa hukaa sekunde saba kabla ya kutoka hewani. Mtu akitukana au akitishia, mimi nabonyeza kitufe chekundu, na zile sekunde zinakufa. Msikilizaji wa nyumbani anasikia kama kigugumizi tu, kipindi kinaendelea. Baba Mkubwa alinichagua kwa kuwa nayajua matusi ya lugha mbili. Ya Kifaransa hayakuwa kwenye mkataba, na wale wazee waliokuwa maofisa wa jeshi huko nyumbani waliyapitisha kwa miezi kadhaa, mpaka bibi mmoja wa Santa Ana akapiga simu: "Hivi huyo binti wa kitufe amelala, au naye anafurahia?"

Halafu ukaja uchaguzi huu na Baba Mdogo Dac, muuza mikate, baba wa heshima tu kama Tuong, si wa damu, akagombea udiwani. Nataka ujue kwamba mimi simtaki awe diwani. Anataka kuongeza kodi ya mauzo ili ijengwe maktaba mpya. Maktaba naipenda, kodi siipendi. Nimekunja vipeperushi vya mpinzani wake mpaka vidole vikaota sugu. Lakini hakuna aliyepiga simu kuzungumzia kodi. Walizungumzia ile picha.

Ilimwonyesha huko nyumbani walikokimbia wazee wetu, amesimama na kitambaa cheupe cha msiba kichwani, na nyuma yake bendera nyekundu ya Hanoi. Wewe unajua kwetu mtu akitaka kukumaliza hakuiti mwizi wala mzinzi. Anakuvisha kofia: anasema mbele ya watu kwamba wewe ni mkomunisti, na kofia hiyo haivuliwi hata ukinyoa kichwa. Baba Mdogo Dac alipiga simu mwenyewe kujitetea. "Kaka Tuong, nilikwenda kumzika mama yangu. Ulitaka nimzike kwa simu?" Baba Mkubwa akamuuliza, na bendera je? "Ni ukuta wa ofisi ya vibali vya mazishi. Ningeubeba mgongoni niupeleke wapi?" Nilicheka peke yangu kule nyuma ya kioo cha studio. Baba Mkubwa hakucheka. Akasema kwa ile sauti yake ya asali: "Mimi simvishi mtu kofia, jamani. Mimi naionyesha tu. Ikimwenea, hayo ni yake na kichwa chake." Simu zikafurika. Mama mmoja akasema hata mikate ya Dac siku hizi ina ladha ya Hanoi. Jirani yake akapiga kumuuliza mbona jana alimwona ametoka na mfuko mzima.

Tulicheka hivyo, Kaka, na mambo yakawa yanaharibika huku tunacheka. Kwanza yalikuwa mayai mlangoni. Halafu rangi nyekundu. Halafu panya aliyekatwa kichwa, ndani ya sanduku la barua. Jumapili ile walipomtengeneza mtu wa majani wakamvika aproni ya muoka mikate, wakamtundika kwenye nguzo ya taa mbele ya duka lake na kumchoma, wewe na mimi tulikuwepo. Moto ulipofika kifuani aproni ilifunguka kama mtu anayetaka kukumbatia. Mkewe Dac alikuwa anafagia vioo vya dirisha lililovunjwa, na kijana mmoja akamtupia chupa, ikampasua paji la uso.  Alifagia na damu yake kwa ufagio ule ule. Nilikutazama nikidhani utasema twende nyumbani, lakini ulikuwa unaimba na wengine.

Jumanne asubuhi nikienda shule nilipita dukani kwa Dac. Polisi walikuwa hawajafunga utepe. Walimngojea watu watatu, nyuso zimefunikwa, alipofungua mlango wa nyuma kutoa trei za kwanza. Walimpiga kwa miti ya mabango yake mwenyewe, yale yenye jina lake yaliyokuwa yamechomekwa kwenye nyasi. Waliyang'oa, na misumari ilikuwa bado imo. Walimvunja taya. Walimkanyaga mikono, ile mikono ya kukandia unga, kidole baada ya kidole. Alipoanguka walimwagia gunia la unga, mmoja akamwambia aule. Msumari ulichukua jicho la kushoto. Mimi niliona sakafu tu. Damu ikiingia kwenye unga haitiririki, Kaka. Inajikusanya, inakuwa madonge. Na juu ya rafu, katikati ya vumbi lile jeupe, redio yake ndogo ilikuwa inaongea. Ilikuwa stesheni yetu. Mkewe anasema haikuwahi kuzimwa tangu kampeni ianze. Alikuwa akisema lazima ajue leo wanamtukana kwa lipi.

Mchana Baba alinitaka nimweleze. Akauliza walikuwa wangapi. Nikasema watatu. Akauliza kama Dac alikuwa chini. Nikasema chini. Basi akanyoosha ule mkono wake wenye vidole viwili, akazima redio, na nyumba ikawa kimya hadi nikasikia friji. "Kambini wakomunisti walitupiga hivyohivyo," alisema. "Mmoja chini, watatu juu. Na wao walituita wasaliti." Alikwenda hospitali jioni ile, yeye aliyeapa hatampa Dac hata salamu. Sijui walisema nini. Dac hawezi kufungua mdomo, kwa hiyo nadhani walikaa tu.

Sasa nifike panaponiuma.

Jumatatu, siku moja kabla, ulijua si zamu yangu. Ulijua ni ya Phat, mwenzangu wa kitufe. Lakini Phat alikuwa na mtihani, tukabadilishana, na mimi ndiye niliyekuwa nimevaa vifaa vya masikioni pale alipoingia mpigaji aliyejiita Mwana wa Kapteni, sauti kaiziba kwa kitambaa. Baba Mkubwa alikuwa ametoka kujaza birika lake la chai, kama kawaida yake mtu akianza hotuba ndefu. Kwa hiyo chumbani nilikuwa mimi na ile sauti. Ikasema kesho asubuhi Dac akifungua mlango wa nyuma watamvua kofia pamoja na kichwa. Ikasema, hayo ndiyo malipo ya kila chaki wa nchi.

Nilibonyeza.

Nilibonyeza haraka kuliko nilivyowahi kubonyeza tusi lolote. Baba Mkubwa aliporudi na birika akauliza, "Vipi, katukana?" Nikamwambia ametukana tu, ya kawaida. Akasema "Afadhali," akamchukua mpigaji mwingine.

Siku zote nimejiambia kwamba ndiyo kazi yangu, kitisho hukatwa. Lakini si kazi niliyokuwa nafanya. Nilikuwa nakuficha wewe. Na kule dukani, Kaka, redio ilikuwa imewashwa. Kama mkono wangu ungetulia, Dac angesikia kwa masikio yake mwenyewe mlango gani na saa gani, angemwita polisi, au angelala kwa shemeji yake, na leo angekuwa na macho mawili ya kunichukiza nayo kuhusu kodi. Mtu wa pekee aliyesikia onyo lake alikuwa mimi, nikaliua. Labda nawe ulipiga simu ukitaka lisikike. Nimefikiri hivyo sana. Labda ulitaka mtu akuzuie, na aliyekuwepo wa kukuzuia alikuwa mdogo wako mwenye haya.

Asubuhi ile uliporudi nilikuwa kwenye ngazi. Soli za viatu vyako zilikuwa nyeupe. Ulinipita, ukasema, "Usichelewe shule, Uyen." Ni lazima uwe umejua kwamba nimeona.

Jana nilimwambia Baba. Hakufoka. Aliuliza kama nina hakika, nami nikamtajia neno moja tu, chaki. Akakaa chini palepale kwenye zulia. Kisha akasema atanipeleka kituo cha polisi Jumatatu nikitoka shule, na kwamba nikuandikie kwanza, kwa sababu mtoto wake asikamatwe akiwa amelala. Basi hili linarudi Bolsa kila siku. Ukilipanda kesho, Jumatatu tutaingia pale watatu, na utayasema mwenyewe, hata uwataje wale wenzako wawili ama uwaache. Usipokuja, nitaingia mimi na Baba, na nitasema nilichosikia, nilichokata na mahali ulipo. Usimlaumu Shangazi. Hajui lolote.

Utasema nimegeuka, kwamba shule imeniharibu. Sijageuka. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba sheria ni sheria hata inapomkamata mtu wa kwetu, na mimi nilikuwa nasikiliza. Mwezi Januari natimiza miaka kumi na minane. Kama ningekuwa nimetimiza leo, Jumanne hii ya uchaguzi ningeingia kibanda cha kura na nisingempigia Dac kura, hata sasa, hata akiwa na bandeji. Nilitaka ashindwe, Kaka. Nilitaka ashindwe kwa kura.

Nimejizoeza mbele ya kioo cha bafuni nitakavyosema. Kwa lugha yetu nimeshindwa. Kwa lugha yetu siwezi kukutaja bila kwanza kukuita Kaka, na nikishakuita Kaka ulimi unakataa kuendelea. Kwa Kiingereza inawezekana, kwa sababu kwa Kiingereza unaitwa Khiem tu, jina na ukoo, mtu yeyote. Kwa hiyo kule nitasema kwa Kiingereza. Na hii barua nimeiandika kwa lugha ya nyumbani ili nikuite inavyopasa mara zote ninazoweza, kabla ya Jumatatu.

Mpe Shangazi salamu zangu, na umwambie Mama anashukuru kwa zile pilipili. Pakaa mafuta gotini ungali unayo nafasi. Mama anakusalimu. Baba hakusema nikusalimu, lakini ameniuliza mara mbili kama soksi nimezitia.

Basi linaondoka sasa. Rudi, Kaka.

Ni mimi mdogo wako,
Uyen