Baraza la Mlango wa Nyuma

3 Februari

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ni mgongo tu unaonikumbusha umri. Mama yako hajambo kiasi, ila miguu sasa imegoma kabisa. Anashinda jikoni kwenye kiti cha magurudumu, anaitazama bustani yake dirishani. Ananituma nimwagilie maua, kisha ananigombeza kwamba nayazamisha.

Nimeamua kumjengea baraza la mbao nje ya mlango wa nyuma, liinuke mpaka usawa wa kizingiti, atoke na kiti chake mwenyewe. Kubebwa hataki; anasema yeye si gunia. Mbao nimeshanunua, bado zinanuka utomvu. Nikianza wiki hii, atakunywa chai nje kabla ya mvua.

Desturi yangu unaijua: kazi ikiisha, hakanyagi mtu kabla ya mwenyewe. Hata mimi fundi napita kwa magoti tu. Mama yako anasema hiyo itakuwa mara ya pili kumpigia magoti.

Baba yako

17 Februari

Baba,

Shikamoo, na shikamoo zangu zimfikie mama. Mimi sijambo, kazi tu ndiyo nyingi.

Nimecheka hapo kwenye magoti. Lakini nakuomba usikimbilie. Unajua ofisi hunituma kukagua majengo yaliyoanguka. Juzi ilikuwa roshani, imeporomoka na familia nzima. Boriti ilipigiliwa ukutani kwa misumari, mbao zilikuwa mbichi, zikanywea, misumari ikalegea. Kwenye kifusi niliokota birika la chai. Tangu siku hiyo silali vizuri.

Nguzo usizifukie kwenye udongo, zitaoza. Zisimamishe juu ya zege, na zege likomae kabla hujalitwisha mzigo. Boriti ya ukutani ifunge kwa bolti. Weka ukingo pande zote. Na zaidi ya yote baba, mbao zikauke, hata kama ni miezi. Niahidi. Nitaomba likizo na kibali cha kusafiri nije siku mama atakayotoka.

Binti yako

20 Machi

Mheshimiwa Mkaguzi,

Marahaba. Huku tunaendelea, na wewe upunguze kazi.

Nimekuahidi. Mbao nimezipanga bandani kivulini, na vijiti katikati upepo upite. Zege limekomaa, nguzo zimesimama, boriti ina bolti, na nimeongeza mteremko wa kushukia bustanini. Mama yako anakaa mlangoni ameshika pimamaji kama msimamizi. "Imeenda kushoto, mzee." Haikuwa imeenda kushoto. Nikajifanya nairekebisha.

Kila asubuhi anauliza kama mbao zimekauka. Namwambia bado, Mkaguzi hajaridhia. "Mtoto mbishi kama babake," anasema, anacheka, halafu kifua kinambana. Siku hizi anakula kidogo. Daktari ameongeza dawa. Mvua nayo imeanza mapema, kwa hiyo mbao zitachelewa. Usihangaike.

Baba yako

26 Mei

Baba,

Shikamoo. Kukuuliza hali naogopa.

Niliandika mara mbili baada ya barua yako ya Machi, ukanyamaza. Kisha ikaja simu ya shangazi. Kibali cha kusafiri kilichelewa, mkamzika mama bila mimi, na hilo peke yake linanitosha kulia maisha yangu yote.

Lakini kuna jingine linalonila. Mimi ndiye niliyesema mbao zikauke. Ningefunga mdomo, mama angekaa kwenye bustani yake hata mara moja. Niambie ukweli, baba, alitoka? Kama una hasira nami, andika hivyo hivyo. Usininyamazie tena.

Binti yako

15 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Sina hasira nawe hata kidogo. Nilinyamaza kwa sababu kila nikishika kalamu naanza kuandika "mama yako hajambo", na hapo nashindwa kuendelea.

Hakutoka kunywa chai. Mbao zilipokauka alikuwa haketi tena. Tulihamishia kitanda chake jikoni, akawa anasikiliza nikizifunga. Nilipokaza skrubu ya mwisho nikamwambia limekwisha. Akanishika mkono, akasema, "Kesho, mzee. Leo nimechoka." Kesho yake hakuamka.

Siku ya kumtoa, waliobeba jeneza walielekea mlango wa mbele. Nikawazuia. Mjomba wako alidhani nimechanganyikiwa. Nikawaambia mwenye baraza bado hajapita. Wakageuka, wakampitisha jikoni, wakatoka naye nyuma: wanaume sita, mjomba wako akiwa mbele, na mwili wa mjomba wako unaujua. Mimi nilisimama pembeni nikisikiliza. Hakuna ubao uliolia. Akapita wa kwanza, akashuka mteremko mpaka kwenye maua yake, wala hakuyumba.

Mbao mbichi zingekuwa zimeshajipinda wakati huo, na wale watu wasingekuwa salama. Hilo nakuandikia kama fundi. Kama mume, nililia, nami ningali nalia, na chai ile itaniuma mpaka nife. Usiubebe mzigo huu peke yako.

Wengine wote wameshapita barazani. Mimi bado sijalikanyaga kwa miguu yangu. Namwagilia maua kwa kuzungukia upande wa banda. Kibali kikitoka, njoo, tupite pamoja.

Baba yako