Dawa ya Baridi Kifuani mwa Mama Mkwe

Mpendwa Dada Bahiga, naomba unisaidie, nacheka na kulia kwa pamoja hapa mjini Tanta mpaka mume wangu anadhani homa imenipanda kichwani. Nina saratani ya ngozi, uvimbe begani, na hospitali inanitibu kwa dawa ya majaribio, ute ambao ukiwa baridi ni majimaji na ukipata joto la mwili unaganda palepale kando ya uvimbe, halafu unatoa dawa kidogo kidogo ya kuwaamsha askari wa mwili, na kwa sindano ya kwanza tu uvimbe uliokuwa kama limau umebaki kama zeituni, basi furaha niliyonayo usiniulize. Sasa juzi kule hospitali nesi Badriya kaniletea sindano ya pili ndani ya kisanduku cha barafu, akatoka kumwita daktari, na mama mkwe wangu Hagga Nabawiya, ambaye tangu niolewe hajasifu hata chai yangu, akaigusa, akashtuka, akaitia kifuani ndani ya nguo. "Baridi ndiyo inayoua watu," akaniambia. "Siachi barafu iingie mwilini mwa binti yangu." Aliniita binti yake, dada, nikasahau hata kumzuia. Aliposikia nyayo akairudisha, na daktari alipodunga, bomba halikusukumika, dawa imeshaganda ndani. Sasa daktari anasema dawa yote iliyoletwa ni mbovu, matibabu yangu yamesimamishwa, na Badriya analaumiwa kwamba hakuitunza. Hagga ananisihi ninyamaze, anaona aibu, nami naogopa nikisema nitampoteza mama niliyempata juzi. Nifanyeje?
Inshirah

Inshirah mwanangu, hongera kwa zeituni, na hongera zaidi kwa mkwe. Barua yako imefanya chai inipalie. Sisi tunaofunga madirisha hata kwenye joto kali la Agosti, nani kati yetu asingeitia kifuani?

Ila sasa nikukaripie. Badriya kakosa nini? Na wewe unalea siri huku uvimbe unapumua? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mama aliyekupashia dawa kwa kifua chake hakuachi kwa sababu ukweli umemfikia daktari.

Kesho asubuhi nenda naye hospitali. Usimshtaki, mwache aseme mwenyewe, na aanze kwa kumwomba Badriya radhi. Njiani mwambie joto lake halikuwa kosa, dawa inataka joto hilohilo, ila ndani ya bega lako. Wakishakudunga, akufunike mablanketi matatu akitaka.

Na siku ya sindano mpe kazi: akushike mikono. Yote miwili, kwa mikono yake yote miwili, mpaka daktari amalize.